Mara Ishirini na Tatu Juu ya Paa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni kiti. Aliye jikoni apunguze moto. Mwenye redio inayokoroma aizungushe kidogo, wewe mwenyewe unajua inapopenda kukaa. Leo tunamkumbuka mtu aliyehesabu ndege. Ndiyo, ndege wa angani, wale wanaopita na wala hawakuangalii. Na kabla hujacheka, ujue kwamba mimi nilikutangulia kucheka, tena nilicheka mahali pabaya. Tutafika huko.

Alifariki Jumatatu, wiki tatu zilizopita, saa moja asubuhi, hospitalini. Alikuwa na miaka sabini. Angekuwa anasikiliza angepiga simu sasa hivi kunisahihisha: sabini na miezi minne. Ameacha mke, ameacha mdogo wake wa kiume, na ameacha watu wawili juu ya paa ambao mpaka leo hawajui waiweke wapi mikono yao.

Na mimi nilikuwapo maradhi yalipoanza. Nilikaa hatua mbili nyuma yake. Narudia: hatua mbili.

Tulimwita Mzee Hasa. Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa mizani, ile mizani mikubwa ya barabarani ambayo lori zima linapanda. Dereva akisema, "Bosi, humu nina kama tani ishirini hivi," yeye alitoa kichwa dirishani na kuuliza, "Hasa ngapi?" Kila siku. Kila lori. Hasa ngapi? Madereva wakaanza kumwita hivyo, na siku ya kustaafu hata cheti cha shukrani kiliandikwa hivyo, kwa sababu aliyekiandika alidhani ndilo jina lake.

Mke wake aliniambia jambo moja ambalo bado linanichekesha. Kila asubuhi, kabla lori la kwanza halijafika, Mzee Hasa alipanda mwenyewe juu ya mizani. Lakini mizani ya malori inasoma kwa kuruka, kilo ishirini ishirini. Kwa hiyo siku nyingine ilimwambia ana kilo sitini, siku nyingine themanini, na yeye hajala chochote cha ajabu hapo katikati. "Alikuwa anarudi nyumbani amenuna," mke wake alisema. "Eti mizani ya serikali inamdhihaki."

Akastaafu. Hapo ndipo matatizo yalipohamia nyumbani. Mke wake ni mwalimu mstaafu wa chekechea, mwanamke mwenye subira, amelea watoto mia wasio wake. Lakini subira ina kipimo. Mume alihesabu vijiko vya chai. Akahesabu vigae vya bafuni. Akagundua vigae ni vichache kuliko vile fundi alivyosema mwaka waliojenga, akataka kumtafuta fundi. Mke akamwambia, "Mzee wangu, nakupenda, lakini toka nje ukahesabu kitu ambacho si changu."

Akatoka. Na wiki ile jino likamuuma.

Daktari wa meno aliyemng'oa ndiye kiongozi wa kikundi cha kuhesabu ndege. Ni mama wa makamo, ana mikono midogo yenye nguvu za kutisha. Ukutani kwake kulikuwa na karatasi: wanatafutwa watu wa kujitolea, wawe na macho, wawe na subira, malipo hakuna. Mzee Hasa aliisoma akiwa amelala kwenye kiti, kinywa wazi, pamba mashavuni. Hawezi kusema. Akainua dole gumba, akaielekeza ile karatasi. Daktari akacheka, akamwambia, "Nimekuelewa, baba. Jumamosi saa mbili. Leta kofia."

Kazi yenyewe iko hivi. Kila mwaka, majira ya baridi yanapoisha na miti kuanza kuchipua, ndege wawindaji wanarudi kaskazini kutotoa: tai, vipanga, mwewe, kwa maelfu. Wakifika mjini petu wanapita juu ya ghala la magodoro, ghorofa nne, lisilo na lifti. Juu ya paa la ghala hilo kuna viti vitatu. Vimepeana migongo, kila kimoja kinatazama upande wake wa anga. Na kila mhesabuji ana kibonyezo, kidude cha chuma kinachojaa kiganjani. Ndege akivuka mstari, unabonyeza kwa dole gumba: tak. Namba inapanda moja. Mstari ni wa kufikirika tu, unatoka kwenye tangi la maji mpaka kwenye mnara wa simu. Ndege asiyevuka hahesabiwi, hata awe mzuri kama bibi harusi.

Kwa nini wanahesabu? Kwa sababu ndege hawa wanapungua, wengine wanakula sumu, wengine wananasa kwenye nyaya za umeme, na bila namba hakuna anayekusikiliza. Ndivyo Mzee Hasa alivyonieleza. Alinieleza kwa ukali, maana nilikuwa nimekosea.

Nilikosea hivi. Mwaka juzi, kwenye kipindi hiki hiki, niliwatania. Nilisema kuna wazee fulani juu ya paa wanahesabu kama ndege mia hivi, halafu wanakwenda kulala. Simu ya studio ikalia. Hakunisalimia. Alisema, "Wewe kijana, umesema kama mia. Hasa ngapi?" Akaendelea, "Jana wamepita elfu tatu mia moja na sita. Njoo uwaone, halafu urudi kusema hayo ya kama." Nikaenda. Na nikawa naenda tena na tena, sijui kwa nini, mtu ninayeogopa hata ngazi ya kubadilishia balbu.

Si kwamba alikuwa hakosei. Mwaka wake wa kwanza alimhesabu mwewe mmoja mara kumi na nne, kumbe ni mwewe wa pale pale, mkazi wa mnara wa simu, anavuka mstari kwenda na kurudi kama mtu anayetembelea mashemeji. Mzee alipogundua hakulala. Alimwandikia daktari barua ya kurasa mbili kuomba kumi na tatu zifutwe. Daktari akamuuliza kwa nini si zote kumi na nne, maana yule mwewe hasafiri kabisa. Akasema, "Kweli. Nilitaka kujiachia moja."

Miaka kumi na moja alipanda ngazi zile. Narudia: miaka kumi na moja, hakukosa Jumamosi hata moja ya msimu.

Kiti cha tatu ni cha kinyozi. Mnawajua vinyozi. Kazi yao nusu ni mkasi, nusu ni mdomo. Mwaka wa nne, mkondo mkubwa unapita, kinyozi akaanza hadithi ya mteja aliyelala usingizi akinyolewa. Mzee Hasa alikuwa amefika mia tatu na kumi na mbili, na kibonyezo chake cha wakati ule kilikuwa kibovu, anahesabu kichwani. Akacheka. Namba ikapotea. Mia tatu na kumi na mbili, yote.

Siku hiyo hiyo alichukua boksi la magodoro, akalikata kipande, akaandika kwa herufi kubwa, akakitundika kwenye mlango wa paa: ANAYEBONYEZA HASEMESHWI. Ikawa sheria. Mkondo ukianza, hakuna kumsemesha mwenzako, hakuna kugeuka, macho juu, mpaka ndege wa mwisho avuke. Kisha daktari anasema, "Haya, namba," kila mmoja anataja yake, ndipo vichekesho vinaruhusiwa. Kinyozi aliniambia kwamba mwezi wa kwanza wa sheria ile alikuwa anarudi nyumbani taya linamuuma kwa kufungwa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tunafika.

Ilikuwa Jumamosi. Nilipanda na kinasa sauti, nikitaka kuwatengenezea ninyi kipindi kizuri cha ndege. Niliwasha mashine saa nne na dakika kumi na nne. Mzee Hasa alinitazama, akaniambia, "Kaa mlangoni. Ukikohoa nitakuhesabu na wewe." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Nikakaa mlangoni. Nilikuwa naona mgongo wake na kofia yake.

Saa nne na dakika ishirini mkondo ukaanza. Jamani, nilikuwa sijawahi kuona vile. Walikuwa wanapanda kwa kuzunguka juu ya paa za bati, wanafika juu kabisa, halafu wananyoosha mabawa na kuteleza kuelekea kwetu, mmoja baada ya mwingine, bila kupiga bawa hata mara moja. Vibonyezo vitatu vinalia. Tak. Tak tak. Tak. Kwenye kanda inasikika kama mvua inayojaribu kuanza.

Saa nne na dakika arobaini na tatu, upande wa Mzee Hasa ulikuwa umenyamaza kidogo. Halafu ghafla kibonyezo chake kikaanza. Haraka haraka. Tak tak tak, kinasimama, tak tak, kinasimama, tak tak tak tak. Mara ishirini na tatu. Nimezihesabu baadaye, na nimezihesabu mara nyingi kuliko ninavyotaka kuwaambia.

Kwenye kanda, baada ya ile ya tisa, sauti ya kinyozi inasikika, kwa kunong'ona, furaha imemshinda: "Mzee kapata kundi!"

Daktari, naye kwa kunong'ona: "Wapi? Mimi simuoni hata mmoja."

Kinyozi: "Macho yake hayo! Tazama juu zaidi, karibu na jua."

Halafu kuna mtu anacheka. Ni mimi. Nilicheka kwa sababu nilidhani mzee amewapiku tena, na wao wanahangaika na darubini zao.

Daktari na kinyozi walielekeza darubini upande wake wakatafuta. Wakatafuta sana. Anga lilikuwa la bluu tupu. Na mimi nikatazama juu vilevile. Watu watatu tulitazama juu, na mtu mwenyewe alikuwa ameketi chini, katikati yetu.

Kibonyezo kikanyamaza. Sisi tukanyamaza. Ndiyo sheria.

Mkondo ulikatika saa tano kasoro dakika mbili. Toka arobaini na tatu mpaka hapo ni dakika kumi na tano. Daktari akasema, "Haya, namba." Akataja yake: mia mbili themanini na nane. Kinyozi: mia nne na tatu. Kisha kimya. Kinyozi akaona amepata nafasi ya mwaka, akasema kwa sauti ya madaha, "Mzee Hasa, na wewe leo una kama ngapi?"

Hajawahi kutokea mtu akamwambia hivyo asijibiwe. Alivyokaa kimya, ndipo tulipogeuka.

Alikuwa hai. Macho wazi. Mdomo umekwenda upande mmoja, na jicho moja lilikuwa linatoa machozi. Mkono wa kushoto bado umekishika kibonyezo. Kilisoma mia sita kumi na saba.

Tulimteremsha ghorofa nne kwa godoro, maana hicho ndicho kitu kilichokuwapo. Godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni. Kama hujawahi kumbeba mgonjwa kwa godoro la nailoni kwenye ngazi, usiombe. Linateleza. Kila kona alikuwa anatuponyoka, na kila kona kinyozi alikuwa anasema, "Pole mzee, pole mzee, pole baba yangu," yule kinyozi mwenye maneno elfu, akabaki na hayo tu.

Hospitalini daktari kijana alitupokea, akasema ni kiharusi. Akauliza swali moja: "Kimeanza saa ngapi?"

Wasikilizaji wapendwa, hawa ni watu wanaoandika kipanga mmoja amepita dakika ya ngapi, akiwa juu kiasi gani, na upepo ulitoka wapi. Kinyozi akamtazama daktari wa meno. Daktari wa meno akanitazama mimi. Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumekaa naye. Hakuna aliyejua.

Jibu lilikuwa ndani ya begi langu, kwenye kanda, na mimi sikulikumbuka mpaka Jumapili mchana nilipoisikiliza. Nilisikia zile ishirini na tatu, nikasikia kicheko changu, nikazima mashine. Nilirudi hospitalini nikamuuliza yule daktari kijana kama dakika kumi na tano zingesaidia. Akaniambia, "Huenda. Huenda pia zisingebadilisha kitu. Siwezi kukudanganya." Nilitaka aseme mojawapo. Hakusema.

Jumatatu saa moja asubuhi Mzee Hasa akafariki. Sauti haikurudi.

Wiki ile daktari wa meno alitakiwa kutuma jumla ya Jumamosi. Aliketi na kinyozi kliniki, mimi nikiwapo. Kwenye mstari wa Mzee Hasa aliandika 617. Akaitazama. Akaikata, akaandika 594.

Kinyozi akaja juu. "Unampunguzia mzee? Leo? Hata kaburi halijakauka!"

"Nilitazama upande wake," daktari alisema. "Hapakuwa na ndege."

"Labda yeye aliwaona."

"Angewaona ningemwachia zote. Hakuwaona, mdogo wangu. Na wewe unajua alikuwa anafanya nini." Akaweka kalamu chini. "Siku nilipomjua alikuwa na pamba mdomoni, akaninyooshea dole gumba, nikamwelewa palepale. Palepale!"

Kinyozi akasema jambo ambalo sijui nilifanyeje. "Miaka yote nasemwa kwa kuropoka. Siku moja tu maishani mwangu nimenyamaza vizuri."

Ikabaki kanda. Mke wa marehemu alikuwa amesikia kwamba ipo. Akaniita. Yeye alikuwa sebuleni, na mlangoni alisimama shemeji yake, yaani mdogo wa marehemu, dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo bandari kavu, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Akanizuia. "Shemeji asisikilize. Itamsaidia nini?"

Kutoka ndani mama akasema, "Shemeji, mwache mtoto aingie. Mimi ndiye niliyelala na yule mtu miaka arobaini na mbili. Nitaamua mimi."

Nikaiweka mashine juu ya meza. Nikamwambia, "Mama, naweza kukuambia tu." Akasema, "Washa, mwanangu."

Nikawasha. Alisikiliza vibonyezo vya mwanzo, akatabasamu, akanyoosha kidole: "Huyo. Huyo ndiye yeye." Nilishangaa. Mimi nilikuwa nimemtambua kwa saa tu na kwa yaliyosemwa. Yeye alimtambua kwa mkono. Akasema anabonyeza kama anavyokoroga chai, ana mwendo mmoja tu.

Zikafika zile ishirini na tatu. Tabasamu likaondoka. Akaomba nirudishe. Nikarudisha. Akaomba tena. Shemeji yake akaenda kusimama dirishani, mgongo kwetu.

"Huyu hahesabu," mama alisema. "Huyu anagonga mlango."

Kanda ikaendelea, kicheko kikaja.

"Na huyu anayecheka ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Alinitazama. Nilitamani anitukane. Nimeandaliwa kwa matusi, kazi hii inakuzoeza. Akasema, "Umecheka kama mtu asiyejua kitu. Basi hukujua." Akakunja leso yake mara mbili, akaikunjua. "Lakini alikuwa anawaita, mwanangu. Hilo usiliseme vingine. Ukienda kusema redioni sema hivyo hivyo. Aliwaita mara ishirini na tatu."

Ndiyo nasema. Mzee Hasa alituita mara ishirini na tatu, saa nne na dakika arobaini na tatu asubuhi, na sisi tukatazama juu.

Kipindi hiki kinampa pole mke wake, mwalimu wetu wa chekechea, anayesikiliza sasa hivi sebuleni kwake. Pole kwa mdogo wake. Pole kwa daktari wetu wa meno na kwa kinyozi wetu, ambao Jumamosi iliyopita walipanda ngazi zile tena, maana ndege hawakuambiwa kwamba kuna msiba. Sheria bado iko mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuitoa. Lakini viti wamevigeuza. Sasa vinatazamana kidogo, na kila mmoja anakosa kipande cha anga lake. Namba zitakuwa pungufu. Daktari ameandika hivyo kwenye fomu: pungufu.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua kawaida yetu. Tukimaliza kumkumbuka mtu, tunampa dakika moja ya ukimya. Nilimuuliza mama kama leo tufanye hivyo. Alikataa. Alisema, "Ukimya msimpe. Alishanyamaziwa vya kutosha."

Kwa hiyo dakika hii ni yenu, na si ya kunyamaza. Kuna mtu yuko karibu yako sasa hivi, ametulia, anafanya kazi yake, na wewe hutaki kumsumbua. Mgeukie. Msumbue.